Siku Kivuli Kilipokosa Watu

Katika kikosi cha Mama Nyundo kulikuwa na neno moja tu lililopigwa marufuku. Matusi yaliruhusiwa, hasa nyundo ikimpata mtu kidole. Kumsengenya mwenye jengo kuliruhusiwa, mradi awe mbali. Lakini neno "kuanguka", thubutu! Ukuta haukuanguka, ulilala. Boriti haikuanguka, ilishuka. Hata Mnene alipojikwaa kwenye ndoo akaenda chini mzimamzima, wenzake walisema, "Mnene kapumzika," wakamwinua huku wamejishika mbavu. Aliyeteleza ulimi akalitamka lile neno alivua glavu, akaaga, akaenda zake nyumbani mpaka kesho yake, maana siku ilikuwa imeshachafuka.

Usiwacheke. Hawa ni watu wanaovunja majengo makuukuu kwa nyundo, mitaimbo na kamba, na mtu anayeshinda chini ya vitu vizito hutafuta pa kushikilia moyo wake. Wengine hushika dua, wengine hushika chupa. Hawa walishika neno. Na sheria yenyewe haikutoka hewani, ilitokana na mguu wa Mzee Nyundo, na mguu huohuo ndio uliomkosesha Mama Nyundo mdogo wake wa pekee.

Zamani kikosi kilikuwa cha mume wake, Mzee Nyundo. Mama Nyundo alianza kwa kuwapelekea chai, akaja akapanga matofali, akashika mtaimbo, na siku moja mume akagundua kwamba mke wake anavunja kuliko wanaume wawili. Mdogo wake wa kiume naye alikuwamo. Dada na mdogo wake ndio waliobaki katika nyumba yao, wazazi walikuwa wameshatangulia, na dada ndiye aliyemlea kijana yule, akamfundisha kazi, akamtafutia hata mchumba. Shemeji mtu na shemeji mtu walipendana, wakataniana kutwa kucha.

Asubuhi moja, mbele ya ukuta wa ghala fulani, kijana akamwambia shemeji yake, "Shemeji, huu utakuangukia." Basi, hayo tu. Mama Nyundo alikuwa upande wa pili anapanga matofali, akamsikia mumewe akifoka, "Funga domo lako, unatuchuria!" Kabla ya chai ya asubuhi ukuta ulikuwa umeshuka na mguu wa Mzee Nyundo uko chini yake.

Kwenye korido ya hospitali Mama Nyundo alimnyooshea mdogo wake kidole mbele za watu. "Wewe ndiye uliyemchuria mume wangu. Toka. Sitaki kukuona machoni pangu." Kijana akaondoka. Tangu siku hiyo akaitwa Bundi. Walimwita hivyo wenzake wa kazini, wakafuata majirani, mwisho wakamwita hivyo hata watu wasiojua chanzo. Alihamia upande wa pili wa mji akawa fundi wa vigae. Wakikutana msibani au arusini, alimsalimu dada yake kupitia mtoto wa mtu: "Nenda kamwambie dada, shikamoo." Jibu lilirudi kwa njia ileile.

Ala! Sasa hebu tuulizane. Ukuta una masikio? Ulisikia ukitajwa ukakasirika? Lakini hakuna aliyeuliza swali hilo siku zile. Mguu ulikuwa umevunjika, neno lilikuwa limesemwa, na vyote viwili vilitokea asubuhi moja. Watu wakaviunga pamoja na gundi ikashika miaka yote hiyo.

Mzee Nyundo hakurudi tena kazini. Alibaki barazani na mkongojo wake, akitengeneza milango ya zamani iliyotoka kwenye majengo yaliyovunjwa. Mama Nyundo akakamata kikosi, na niseme ukweli, alikiweza. Watu wake walikuwa watatu. Mnene, aliyekuwa mwembamba kama ufito. Redio, mama mmoja mwenye mikono ya chuma na mdomo usiozimwa. Na Kimya, jamaa ambaye ukimsalimu asubuhi anaweza kukujibu jioni. Akifika kwenye ukuta, Mama Nyundo aliubisha kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, kisha akaonyesha kwa kidevu: "Huu unalala ndani." Watatu wakaitikia, "Ndiyo, mama," na kazi ikaanza. Ukuta ukilala alikosema, alijipongeza kwa sikio lake. Zile mara mbili tatu ulipolala kombo, ilikuwa kamba mbovu, au Mnene alivuta kivivu. Kwa hiyo sikio lake halikuwahi kukosea hata siku moja.

Ndipo wakapata kazi ya kiwanda cha zamani cha mikate, jengo refu la matofali katikati ya makazi ya watu. Mwenye jengo alitaka kiwanja kiwe cheupe haraka, na kila jioni alifika akiwa ameshika funguo za gari, akizichezesha kama kengele. Paa lilishuka salama. Ukuta wa kwanza ukalala ndani, wa pili ukalala ndani, wa tatu nao ukalala ndani kama mtoto aliyeshiba. Ukabaki wa nne, ule mrefu wa kwenye kichochoro. Ng'ambo ya kichochoro, hatua chache tu, palikuwa na chumba cha fundi cherehani na wanafunzi wake wawili. Kutwa nzima uliwasikia wakikanyaga mashine na kubishana kuhusu redio ifunguliwe stesheni gani.

Asubuhi Mama Nyundo aliubisha ukuta ule kwa ndani, kidogo tu, kwa mazoea. Kuta tatu zilikuwa zimeshakubali kulala, huu wa nne ungekuwa na nini? "Unalala ndani," akasema. "Ndiyo, mama." Wakafunga kamba juu, wakaanza kutoboa chini. Wangekula kwanza, kisha wavute.

Saa nane wakaacha vyombo wakaenda kula. Jua lilikuwa kali la kupasua utosi. Paa halipo, kuta tatu hazipo, pale kiwanjani palibaki kivuli kimoja tu, cha ukuta wa nne, kipana, kizuri, kinakuita kwa jina. Mama Nyundo alichukua bakuli lake akaenda zake kivulini, akageuza ndoo, akaketi. Akamega tonge la kwanza. Akatazama mbele.

Watu wake walikuwa juani. Mnene, anayekimbilia kivuli hata cha nguzo ya umeme, amekaa juu ya rundo la matofali jasho linamchuruzika ndani ya chakula. Redio amejifunika kanga kichwani, anakula haraka, tena kimya, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kimya yuko mbali zaidi ya wote, karibu na lango, na amehamisha hata koti lake na mfuko wake.

"Nyie," Mama Nyundo akaita, "mbona mnaungua huko?"

"Aa, mama, mimi nakausha shati," akasema Mnene.

"Mimi leo naona baridi," akasema Redio, na jasho likamdondoka kidevuni.

Kimya alitafuna.

Mama Nyundo hakuwa mjinga. Alinyanyuka polepole, akachukua bakuli lake, akatoka kivulini hatua kwa hatua bila kuugusa ukuta, kama mtu anayetoka chumba chenye mtoto mchanga aliyelala. Alipofika juani ndipo alipovuta pumzi. Akawatazama. Wakatazama chini. Akataka kuuliza, "Mnafikiri utaanguka?" na neno likagoma kutoka. Miaka mingi alikuwa amelifungia nje mwenyewe, sasa halikujua njia ya kuingilia.

Akafikiri kidogo. "Haya, simameni," akasema. "Fumbeni macho, wote. Na mimi nafumba. Nikisema tatu, kila mtu anyooshe mkono kule anakofikiri ukuta huu utalala. Msiniangalie mimi. Msiangaliane."

"Mama, wapita njia watatuona vichaa," Redio akalalama.

"Waache waone. Mnene, jicho!"

"Nimefumba, mama!" Mnene akafumba.

Akahesabu. Wakanyoosha. Walipofumbua macho, mkono wa Mama Nyundo ulikuwa unaonyesha ndani. Mikono mitatu ilikuwa inaonyesha kichochoroni, moja kwa moja kwenye dirisha la fundi cherehani, ambako mashine zilikuwa zinaendelea kukanyagwa.

Lo! Hasira zilimpanda mama yule. "Kumbe mnajua! Asubuhi nimewaambia unalala ndani, mkaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, kama kasuku! Mngeniacha nivute kamba? Mngeniacha niue watu?"

Walisimama kama watoto waliovunja chungu. Kisha Kimya, mtu wa salamu za jioni, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema katika kikosi kile. "Mama, toka juzi nimeona kule nyuma pabaya, lakini wewe ndiye uliyetukataza kusema."

Hilo lilimfika. "Twende ukanionyeshe," akasema.

Wakazunguka wawili. Upande wa kichochoro ukuta ulikuwa umetoa tumbo. Bomba la maji machafu la jirani lilikuwa limeuvujia miaka mingi, plasta imebanduka, matofali ya chini yamelowa yakawa meusi. Mama Nyundo alichukua msumari akauchomeka kwenye tofali. Ukaingia kama kwenye sabuni. Na yeye tangu wafike hakuwahi kuzunguka huku. Kwa nini azunguke, wakati mambo yanakwenda vizuri? Dirishani fundi cherehani alimpungia mkono, pini zikiwa mdomoni. Mama Nyundo naye akapunga.

Pale pale kichochoroni, wazo likamjia ambalo hakulialika. Siku ile, mdogo wangu aliona nini? Alitazama pembeni asije Kimya akamwona uso. Aliona aibu, tena aibu ya kumchoma, na chini ya aibu palikuwa na hofu: kwamba miaka yote hii alikuwa amemfukuza mtu pekee aliyekuwa na ubavu wa kumwambia ukweli.

Mchana uleule alifunga kichochoro kwa kamba na mapipa. Fundi cherehani alinung'unika kwamba ana suti ya bwana harusi inayosubiri vifungo, lakini alipoonyeshwa ule msumari alibeba mashine yake mwenyewe kichwani akaenda kwa binamu yake, suti na wanafunzi nyuma. Jioni mwenye jengo akaja na funguo zake.

"Kuta tatu zimelala bila tatizo," akasema. "Leo mnaniambia huu una tatizo gani? Si jengo moja? Si matofali yaleyale?"

Mama Nyundo karibu acheke, maana maneno hayo ndiyo aliyojiambia asubuhi, neno kwa neno. "Bosi, zile tatu hazijui habari za huu," akamjibu. "Tutaegemeza kwa nje, kisha tutashusha kutoka juu, tofali moja moja. Itachukua muda."

"Mnaniogopesha ili mnicheleweshe."

"Basi simama hapo kivulini, tuongee vizuri."

Mwenye jengo akatazama kivuli, akatazama ukuta, akazichezesha funguo zake, akasema atarudi kesho.

Nyumbani Mama Nyundo alimkuta mumewe akipiga randa mlango. Hakuzungukazunguka kwa maneno. "Baba, siku ile ya mguu, mdogo wangu alikuwa ameona kitu? Au alisema tu?"

Randa ikasimama, kisha ikaendelea. "Mambo ya zamani hayo," akasema Mzee Nyundo. "Niletee mafuta ya bawaba." Hakuinua uso, na mkewe hakumlazimisha, ila aliona jinsi randa ilivyosita.

Mafundi wa kuegemeza kuta wako wengi mjini, na Mama Nyundo angeweza kumchukua yeyote. Asubuhi aliwapita wote. Alivuka mji mpaka kwenye duka kubwa jipya ambako aliambiwa Bundi anapanga vigae. Alisukuma mlango wa kioo, akainua mguu aingie.

"Dada, usikanyage!"

Mguu ukabaki hewani. Mdogo wake alikuwa kwa magoti mwisho kabisa wa ukumbi, na kati yao palikuwa na sakafu nzima ya vigae vibichi. Mvi zilikuwa zimemwingia. Maneno ya kwanza baada ya miaka yote hiyo, na ni usikanyage! Mama Nyundo akarudisha mguu nje.

"Njoo huku basi," akasema.

"Siwezi. Mpaka vikauke. Nimejifungia mwenyewe huku nyuma." Kweli, alikuwa amepanga vibaya, akajizungushia.

"Vitakauka lini?"

"Kesho."

Basi ilibidi wapayukiane, huku mafundi rangi wawili juu ya ngazi wameacha brashi wanasikiliza. Dada mtu hakuwa na jinsi ya kunong'ona. "Mdogo wangu, nina ukuta umetoa tumbo kichochoroni!"

"Umelowa chini?"

"Msumari unaingia!"

Bundi alifuta mikono kwenye suruali, polepole. "Dada, mimi siji. Nikija nitaona, nikiona nitasema, na nikisema kikatokea, nitakuwa nimeloga tena. Nimechoka kuwa Bundi."

"Siku ile uliona kitu?"

Fundi rangi mmoja akakohoa. "Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye ufa," akasema Bundi. "Vidole viliingia vyote."

Mama Nyundo alishika fremu ya mlango. Alilia, na hakujificha, alilia pale pale mlangoni wapita njia wakimtazama. "Sikukuuliza," akasema. "Mimi dada yako, niliyekujua tangu hujui kutembea, sikukuuliza hata swali moja. Nisamehe, mdogo wangu."

"Siwasikii vizuri," akasema fundi rangi wa juu. "Mama kasema nini?"

"Kasema nisamehe!" Bundi akamjibu, sauti imekatika. Kisha akamgeukia dada yake. "Subiri nje. Kuna dirisha la nyuma."

Akatokea dirishani, mguu mmoja kwanza, simenti mpaka kiunoni.

Kiwanjani watatu walimpokea kwa wasiwasi. Redio, aliyemwita Bundi miaka yote hii bila kumjua, alijishughulisha na kamba. Bundi alizunguka ukuta mara moja ndani na mara moja nje, akaupima kwa timazi kama umesimama wima, akainama, akagusa, akarudi akasimama bila kusema kitu. Zamani alikuwa msemaji. Sasa alifunga mdomo kama aliyeshonwa.

"Haya, sema," dada yake akamwambia mbele ya wote.

"Nikisema?"

"Ukisema kisipotokea, tutakushukuru. Ukisema kikatokea, nitasema ulituonya. Nitasema hivyo mbele ya yeyote, na hawa mashahidi." Akawageukia watu wake. "Na lile neno, kuanzia leo lisemwe. Tena mimi nitasema wa mwisho, maana nimegundua nikisema wa kwanza nyie wote mnasikia kwa sikio langu. Kila ukuta, kabla ya kuugusa, kila mtu atatuambia utaanguka vipi na utamwangukia nani. Asiye na la kusema avue glavu aende nyumbani."

Loo, hapo ndipo Bundi alipofunguka! Alisema kwamba kamba ya juu itakata matofali badala ya kuyavuta. Alisema kwamba mirunda ya kuegemeza ikikaa kwenye udongo uliolowa itazama, lazima iwekewe mbao chini. Alisema kwamba mvua ikinyesha, kwamba jirani akifungua maji, kwamba Mnene akipanda na viatu vile, kwamba lori likipita barabara ya juu. Alisema mpaka Redio akamwambia, "Ndugu yangu, hata mimi huwa napumua," na kikosi kizima kikacheka, na Bundi mwenyewe akacheka. Kisha Mnene akasema lake, kuhusu ngazi. Redio akasema lake, kuhusu waya wa umeme ambao hakuna mwingine aliyeuona. Kimya akafikiri muda mrefu, akasema jirani afungiwe maji, na akaenda kumfungia.

Waliuegemeza ukuta kwa nje, wakajenga jukwaa ndani, wakaushusha kutoka juu tofali kwa tofali. Ilikuwa kazi ya kuchosha na isiyo na sifa. Ukuta ukivutwa kwa kamba watu husimama kutazama, vumbi linapanda, watoto wanapiga makofi. Huu uliondoka kidogokidogo kama mkate unaoliwa na mzee asiye na meno. Siku ya mwisho walifikia matofali yaliyooza, wakayazoa kwa koleo, na mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyekwaruzwa.

Mwenye jengo akaja. "Mmeona?" akasema. "Haukuanguka! Mmenipotezea siku zangu kwa woga wenu bure."

Mnene alitaka kumjibu, Mama Nyundo akamshika bega. Kwani angethibitishaje? Pengine ukuta ungelala ndani kweli. Pengine ungefika dirishani. Ushahidi pekee ungekuwa fundi cherehani na wanafunzi wake chini ya matofali, nao walikuwa wamesharudi chumbani kwao, wanabishana kuhusu redio. Zamani angeumia kuitwa mwoga. Siku hiyo alisikiliza zile mashine zikikanyagwa, akaona raha moyoni kuliko siku yoyote aliyowahi kupigiwa makofi. "Kweli bosi, haukuanguka," akasema. "Tunashukuru."

Jumapili Bundi alialikwa chakula cha mchana kwa dada yake. Alikuja na shati jipya, mkewe na watoto wawili ambao shangazi yao alikuwa hajawahi kuwabeba. Mzee Nyundo alikuwa barazani, mlango mmoja umelazwa juu ya vigogo, mkongojo pembeni.

"Shikamoo, shemeji," Bundi akasema.

"Marahaba." Mzee alitazama mlango wake. "Karibu. Umezeeka."

"Na wewe hujabaki nyuma."

Wakacheka kidogo. Mama Nyundo alikuwa anatoka na birika la kunawia. Akasimama mlangoni.

"Shemeji," Bundi akaanza, akitazama vidole vyake, "kuna kitu nimekaa nacho. Watu walidhani nimeudhika kwa kuitwa Bundi. Hilo dogo. Mimi kila siku najiuliza mbona nilisema taratibu vile. Ningepiga kelele. Ningekushika mkono nikuvute. Nilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, nadhani ulisikia utani mbaya tu, hukusikia onyo. Huo mguu ni wangu mimi, shemeji."

Mzee Nyundo aliweka randa chini.

"Nilikusikia," akasema.

Bundi akainua uso.

"Nilikusikia vizuri sana. Na ule ufa niliuona hata kabla yako. Lakini nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba ukuta unalala ndani, nikaona haya kumeza maneno yangu mbele ya kikosi changu. Ndiyo maana nilikufokea. Kisha hospitali nikamsikia dada yako akikufukuza koridoni, mlango ulikuwa wazi, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Mama Nyundo aliweka birika sakafuni. Alikuwa na mengi ya kumwambia mume wake, na nakuhakikishia aliyasema yote, jioni ile na wiki nzima iliyofuata, na Mzee Nyundo aliyapokea bila kujitetea. Lakini hapo kwanza alimtazama mdogo wake, kwa sababu mdogo wake alikuwa ameketi chini sakafuni, na shati lake jipya, kama mtu aliyetua mzigo akagundua miguu haina nguvu.

"Kwa hiyo nilisema vizuri?" Bundi akauliza.

"Ulisema vizuri," shemeji yake akamjibu.

"Sauti ilitosha?"

"Ilitosha, shemeji. Ilitosha kabisa."

Bundi akajifunika uso kwa viganja vyake viwili, mabega yakatikisika, na watoto wake wakakimbia kumtazama baba yao, wasijue kama analia au anacheka.